Kirikuu yangu inaruka kama chura kwenye foleni, mayai yananiishia njiani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nauza mayai, nachukua Kibaha nashusha Manzese na Kariakoo. Miaka yote nimeendesha otomatiki, mwezi uliopita nimenunua Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya manyuo. Ikishachanganya naenda vizuri tu, shida ni foleni. Nikitaka kutoka inaruka au inazima, nikienda taratibu inatikisa kichwa mbele nyuma mbele nyuma. Juzi nimefika na trei 3 zimevunjika. Fundi ananiambia nisikae hafu klachi nitaiunguza, shemeji ananiambia niachie klachi polepole sana. Nimsikilize nani? Na kwenye mlima inarudi nyuma."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mayai. Nianze na fundi na shemeji maana naona hao ndo wamekuchanganya zaidi kuliko gari yenyewe. Wote wawili wako sahihi ila kila mmoja kakupa nusu ya maneno. Shemeji kasema achia polepole, hajakwambia polepole kuanzia wapi mpaka wapi. Fundi kasema usikae hafu klachi, hajakwambia ukikaa muda gani ndo kosa. Ukiunganisha hizo nusu mbili umemaliza kazi, na utashangaa kwamba shida yako iko kwenye mguu wa kushoto wakati we muda wote unahangaika na wa kulia.

Kule ndani kuna flaiwili, hiyo inazunguka na injini muda wote gari ikiwa imewaka. Pembeni yake kuna sahani ya klachi, hiyo imeungana na giaboksi. Ukikanyaga klachi hivi viwili vinaachana, ukiachia vinabanwa pamoja vinakuwa kitu kimoja. Sasa fikiria umesimama kwenye foleni: flaiwili inazunguka kama mara 900 kwa dakika, sahani imesimama tuli. Ukivibana ghafla, mmoja lazima amshinde mwenzake, aidha gari inarushwa mbele au injini inazima. Hafu klachi ni pale sahani inapoteleza kwenye flaiwili huku inashika kidogo kidogo mpaka mwendo wao ulingane, na hakuna gari ya manyuo inayotoka bila kupita hapo, hata fundi wako anapita hapo kila siku. Kuteleza kunaleta joto, kweli. Sekunde moja, mbili, joto hilo linapotea halina neno. Dakika nzima umeishikilia gari kwenye mlima kwa hafu klachi ili usitumie breki, hapo ndo unapika sahani, na hicho ndo fundi alichokuwa anamaanisha.

Haya tuje kwa shemeji. Pedeli ya klachi ukiitoa chini kabisa kwenda juu, sehemu ya kwanza haifanyi kitu chochote, unaweza kuitoa haraka tu. Halafu kinakuja kisehemu kidogo, unene wa kidole hivi, hapo ndo kila kitu kinatokea. Juu yake tena hakuna kitu, klachi imeshashika yote. Mtu akiambiwa achia polepole anaanza polepole kule chini ambako hakuna kazi, anachelewa, wa nyuma wanapiga honi, presha inapanda, akifika kwenye kile kisehemu cha kidole anaona gari imeanza kujongea anafurahi anaachia mguu wote. Pwaa! Karibu kila mtu niliyemfundisha ana hilo kosa, na ninaamini ndo lako. Yaani upole wote umeutumia pasipohitajika, pale penyewe umeruka.

Kwa hiyo toa haraka mpaka inapoanza kushika, hapo simama. Simama kweli kweli, mguu usiende juu wala chini, hesabu moja... mbili, gari ijongee iwe kwenye mwendo wake, ndipo umalizie kuachia. Huo mtulio wa sekunde mbili ndo siri yenyewe.

Sasa utajuaje inaposhika? Hapa Kirikuu imekupendelea. Injini iko chini ya kiti, umeikalia, kwa hiyo kabla sikio halijasikia makalio yameshapata taarifa. Fanya hivi Jumapili asubuhi, bila mayai, tafuta sehemu tambarare ambayo haina watu. Washa, acha ipate moto kidogo, weka gia namba moja, mguu wa kulia toa kabisa kwenye mafuta uweke karibu na breki. Anza kutoa klachi. Kuna mahali mlio wa injini utabadilika, ulikuwa mwepesi utakuwa mzito kidogo, kiti kitatetemeka kwa chini, na pua ya gari itainuka kama mtu anayevuta pumzi. Hapo! Simamisha mguu hapo hapo. Usiguse mafuta. Gari itaanza kutambaa yenyewe taratibu, ikishatambaa malizia kuachia. Kanyaga klachi, funga breki, rudia. Rudia mara thelathini, sikutanii, mara thelathini haizidi nusu saa, na kisigino cha kushoto kiwe kimekaa chini kwenye sakafu ukifika kwenye kile kisehemu, ili kifundo cha mguu ndo kifanye kazi na sio paja zima. Mguu ukiwa unaning'inia hewani hauwezi kuwa na adabu.

Kama yako ni ya EFI, yaani mafuta yanapimwa na kompyuta, ambazo ndo nyingi za miaka ya karibuni, kompyuta ikiona injini inalemewa inaongeza silensa yenyewe, yaani ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ndo maana zoezi la bila mafuta linakubali bila shida. Kama ni ile ya zamani ya kabureta haina huo msaada, itabidi uiongezee resi kidogo sana, lakini zoezi ni lile lile. Na viatu, tafadhali, sio malapa. Malapa yanakunja yanaingia chini ya pedeli. Buti kubwa nazo hapana, maana Kirikuu pedeli zake zimebanana na tairi la mbele limekula nafasi ya miguu, kiatu kipana kinakanyaga viwili kwa pamoja.

Ukishakuwa unaitoa bila mafuta ndo uje kwenye mafuta. Kirikuu ni cc 660, silinda 3, haina nguvu nyingi kule chini, ukiwa na mzigo silensa peke yake haitoshi kila mahali. Lakini angalia utaratibu: resi inatangulia, inatulia, ndo klachi inashika. Watu wanafanya kinyume, wanaachia klachi, gari inaanza kufa, wanashtuka wanakanyaga mafuta, inaruka. Wewe weka resi kidogo, mlio upande kidogo tu kama mtu anayeguna, uushikilie hapo hapo usipande usishuke, halafu lete klachi mpaka inaposhika. Mguu wa kulia ukishaweka usiucheze. Kinachofanya kazi ni wa kushoto.

Hiyo ni kutoka. Sasa hilo la kutikisa kichwa mbele nyuma wakati unatembea pole pole ni kitu kingine kabisa, na hapa ndo mayai yako yanapofia.

Kwenye gia namba moja injini inazunguka mara nyingi sana ili tairi lizunguke mara moja, kwa hiyo nguvu inafika kwenye tairi ikiwa imezidishwa sana, na hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, gari inasukumwa kwa nguvu. Ukiachia kidogo tu, injini inaikaba gari kwa nguvu. Ongeza na huu: Kirikuu inasukumwa na tairi za nyuma, kuna propela shafti, kuna difu, kuna meno ya gia, na kote huko kuna kauchezaji kadogo, hasa kwenye gari iliyotumika. Ukikanyaga, ule uchezaji unajaa upande mmoja, ko! Ukiachia unajaa upande wa pili, ko! Sasa gari ikishtuka mbele mwili wako unarudi nyuma na mguu unatoka kwenye mafuta, gari inakabwa, mwili unaenda mbele, mguu unakanyaga tena. Yaani gari inakutikisa wewe, wewe unaitikisa gari, mnakwenda hivyo mpaka Manzese. Na mayai hayajali unakwenda spidi ngapi, yangeweza kwenda 80 yakafika salama, yanachochukia ni mabadiliko ya ghafla, trei ya juu inataka kwenda wakati ya chini imeshasimama.

Dawa yake ikianza kuruka sio kuachia mafuta, wala kuongeza. Kanyaga klachi. Ukikanyaga klachi umekata mawasiliano, gari inateleza yenyewe kimya, unatulia, halafu unairudisha taratibu kwa ule mtulio wa sekunde mbili. Na ili isianze kabisa, kisigino cha kulia nacho kikae chini, pembeni ya kiatu iegemee ukuta wa katikati kama unafikia, mguu uwe na pa kujishikiza.

Ila dawa kubwa zaidi ni kutotumia mafuta kabisa pale ambapo huyahitaji. Kwenye tambarare, gia moja, mguu haupo kwenye mafuta, klachi umeachia yote, Kirikuu inatambaa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 4 au 5 kwa saa. Hapo hakuna hafu klachi, hakuna kinachoungua, hakuna mtikisiko, na miguu yote miwili imepumzika. Madereva wapya hawaamini kwamba gari inaweza kwenda bila kukanyaga chochote, we uliyetoka kwenye otomatiki unapaswa kuamini upesi maana yenyewe ilikuwa inafanya hivyo hivyo ukiachia breki.

Tatizo watu hawawezi kutambaa kwa sababu wamemganda wa mbele. Akisogea mita mbili nao wanasogea mita mbili, wanafunga, akisogea tena wanasogea. Siku nyingine ukiwa kwenye foleni ya Kimara angalia semi. Yule dereva ana mzigo wa tani kibao na hapendi kusimama, kwa hiyo foleni ikisogea anaacha nafasi ifunguke, anaingiza gia ndogo, anatambaa taratibu, mpaka akiwafikia wa mbele nao wameshaondoka tena. Magari madogo yamesimama na kuondoka mara sita, yeye hajasimama hata mara moja na wamefika pamoja. Fanya hivyo. Subiri nafasi ya kama gari mbili tatu ifunguke ndo utoke. Ndiyo, bajaji itaingia, bodaboda wataingia wawili watatu, na daladala moja itakuja na konda ananing'inia mlangoni anakushukuru kabla hujamruhusu. Waache waingie. Mimi nilikuwa deiwaka, dereva wa kushikiza, kwenye daladala miaka ile, naijua ile haraka, na nakwambia ile haraka haikuwahi kunifikisha mapema, ilinifikisha na klachi iliyokwisha na ugomvi na mwenye gari.

Na usimwangalie wa mbele yako peke yake, mwangalie wa tatu au wa nne, taa za breki za kule mbele zikizima ndo unajiandaa, zikiwaka unaacha gari ijiendee bila kuongeza.

Gia sasa. Namba moja ya Kirikuu ni fupi sana, ni ya kuamshia gari na kutambaa basi. Foleni ikianza kutembea kidogo, mwendo wa mtu anayekimbia mchaka mchaka, nenda namba mbili, na humo ndo utaona gari inatulia ghafla kama sio ile ile, kwa sababu kwenye mbili kila kosa la mguu linafika kwenye tairi likiwa dogo. Kutoka moja kwenda mbili usiwe na pupa: toa mafuta, klachi chini, sogeza gia, na unapoachia klachi pitia tena kile kisehemu kwa mtulio mfupi, usipige pwaa. Kurudi moja wakati gari bado inatembea usilazimishe, gia inakataa au inalia krrr, hiyo ni giaboksi inakuomba. Ngoja mpaka umekaribia kusimama ndo uirudishe. Kanuni niliyokuwa nawapa wanafunzi, nikiwa nimesimama ni moja, nikiwa bado nasogea hata kidogo nijaribu mbili kwanza, ikianza kutetemeka na kulalamika ndo nakanyaga klachi.

Kusimama nako kunavunja mayai, tena watu hawajui. Ukifunga breki ukaishikilia kwa nguvu ile ile mpaka gari isimame, mwishoni pua inainama halafu inarudi nyuma tep! Ule mrudisho ndo unaobomoa trei. Breki anza mapema, bana kiasi, halafu ile nusu mita ya mwisho legeza mguu kidogo kama unataka kuiachia, gari isimame yenyewe kwa upole, ikishasimama ndo ubane tena isisogee. Klachi kanyaga mwishoni kabisa, pale injini inapotaka kuanza kutetemeka. Wengi wanakanyaga klachi kwanza kabla hata ya breki, gari inapoteza msaada wa injini, breki inabeba mzigo wote.

Foleni ikigoma kabisa, weka fri, gia isiwe imeingia, vuta hendibreki, toa miguu. Usikae umekanyaga klachi dakika tano nzima na gia imeingia. Hapo sahani haiungui, umeitenganisha, ila kuna beringi ya klachi inayofanya kazi kila ukikanyaga, na ikifa hiyo inabidi giaboksi ishushwe, na ukishashusha giaboksi fundi atakwambia bora ubadilishe seti nzima, na atakuwa sahihi.

Mlima. Hendibreki, ndugu yangu, hendibreki. Sijui nani aliwaambia watu kwamba kutumia hendibreki mlimani ni ushamba. Umesimama, hendibreki juu, gia moja, weka resi iliyotulia, ya hapa izidi kidogo ile ya tambarare, toa klachi mpaka inaposhika, utaona pua inainuka na nyuma inakaa chini kidogo, gari inataka kwenda ila imezuiwa. Hapo ndo unashusha hendibreki, kwa kidole bado kimebonyeza kitufe, taratibu, na gari inaondoka bila kurudi hata inchi. Usishushe kabla pua haijainuka, ndo maana yako inarudi. Ukishajua hilo jaribu kwenye pantoni ya Kigamboni, pale ndo mtihani wenyewe: unapanda mteremko wa chuma umelowa, mbele kuna gari, nyuma kuna gari, pembeni watu wa miguu na mikokoteni, na jamaa anakupungia mkono sogea sogea sogea mpaka zibaki sentimita kumi. Pale huwezi kuruka. Hafu klachi fupi fupi, shika, achana, shika, achana, na breki ndo inasimamisha. Wala usione aibu kwenda taratibu, jamaa atapunga tu.

Mzigo hauna kosa hapa. Trei moja ina mayai 30, kilo mbili haifiki, ukipakia trei 100 ni kilo 180 na kidogo, wakati hizo Kirikuu za Japani zimeandikiwa kubeba kilo 350. Ila panga ziegemee ukuta wa nyuma ya kabini, zisikae katikati ya bodi zikiwa na nafasi ya kutembea, na kamba ya mpira ipite juu ya kipande cha mbao, sio juu ya trei yenyewe.

Baada ya hayo yote kama bado inatetemeka wakati wa kutoka, na ni ule mtetemo wa du-du-du-du pale pale inaposhika kisha unaisha ukishaachia klachi, hapo sio wewe. Sahani inaweza kuwa imelowa oili kutoka sili ya nyuma ya krenki, au flaiwili imeungua madoa, au mauntini, zile raba zinazoshika injini, zimechoka na injini inacheza kwenye makalio yako. Anza na cha bei rahisi: Kirikuu nyingi klachi yake inavutwa na waya, waya ukikauka au ukianza kukatika nyuzi unavuta kwa kushtuka shtuka, hata uwe na mguu wa malaika. Angalia pia pedeli ukiibonyeza kwa mkono iwe na kauchezaji ka sentimita mbili hivi kabla haijawa ngumu. Kama haina uchezaji kabisa inawezekana klachi haijabana vizuri hata ukiwa umeachia, inateleza safari nzima, na kama mwenye gari wa kwanza aliiacha hivyo basi imeshaliwa kabla hujainunua.

Kipimo rahisi, ukiwa gia namba nne barabara iko wazi, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele juu na gari haiongezi mwendo, au ukasikia harufu kama ya nywele zilizoungua hata siku ambayo hujakaa kwenye foleni, usipakie mayai kesho yake, pitia gereji kwanza wakurekebishie waya na wakague sahani. Kama harufu inakuja tu siku za foleni na inapotea, hiyo ni yako, rudi kwenye zoezi la Jumapili.